Siku za Nyama na Sahani ya Dada

Jumatatu, Machi 3
Daktari wa ghorofa ya pili amenipa daftari hili lenye picha ya kidonge kwenye jalada. "Andika kila unachokula, Mpishi. Kila siku. Na usinidanganye, mimi mwenyewe nakula kwako." Presha yangu imepanda kuliko ngazi za jengo lake. Miaka ishirini na moja nawapikia wagonjwa wa hospitali hii, sasa wako mia tatu, na leo mimi nimekuwa wa mia tatu na moja.
Nimekula: uji bila sukari. (Sukari kidogo.) Wali, maharage, mchicha.
Mvua: wingu limekuja, limetutazama, limeondoka.

Jumanne, Machi 4
Siku ya nyama. Jikoni kwetu nyama ni Jumanne na Ijumaa, ndivyo nilivyokuta na ndivyo nitakavyoacha. Nimeonja mchuzi mara mbili. Mara tano.

Jumatano, Machi 5
Dada ameleta mboga mwenyewe, na uso aliokuja nao haukuwa wa kuleta mboga.
Dada yangu mkubwa analima ukingoni mwa mto, chini kidogo ya hospitali, yeye na familia nyingine ishirini na mbili. Mchicha, kabichi, nyanya, vitunguu: karibu kila jani linaloingia sufuriani mwangu limechumwa pale asubuhi hiyo hiyo, linafika na umande wake na konokono mmoja wa bahati mbaya. Mvua zikisusa, kama zinavyosusa mwaka huu, wanamwagilia kwa maji ya mto.
Alikuwa amebeba sahani nyeupe ya bati. Ana mtindo wake toka zamani: jioni anachota maji ya mto kidogo, anayamimina kwenye sahani, anaiweka karibu na jiko la mkaa yakauke. Asubuhi anapitisha kidole aone mto umemwachia nini.
"Gusa," akaniambia.
Nikagusa. Kidole kiliteleza.
"Mafuta," nikasema.
"Mafuta ya nini?"
"Nitajuaje, Dada?"
"Wewe si ndiye mpishi?"
Kumbe Bwana Afya alishapita huko wiki jana na chupa zake, na Katibu wa hospitali amewaandikia barua. Kabla ya mwisho wa Mei maji yao yatapimwa mara tatu. Yakishindwa mara mbili, hospitali itaacha kununua kwao, itachukua mboga za kampuni, zinazosafiri siku mbili kwenye lori lenye barafu. Nimeziona hizo mboga. Kabichi yake ukiipiga inalia kama ndoo.
Nimemwambia Dada asiwe na wasiwasi, nitalishughulikia. Sijui kwa nini huwa nasema hivyo.

Jumamosi, Machi 8
Sahani ya Dada: mafuta tena. Nimekula mandazi mawili kwa hasira.

Jumapili, Machi 9
Harusi ya mpwa wetu. Baada ya chakula wakaanza: "Mjomba, tupe ile ya sinki!" Mimi nikakataa mara moja, kwa adabu, kisha nikasimama.
Naiandika hapa kwa faida ya Daktari, asije akafikiri maisha yangu ni wali tu. Miaka kumi na minane iliyopita sinki la jikoni liliziba. Wakamleta fundi bomba, na fundi bomba alikuwa mwanamke. Aliweka sikio kwenye bomba akalisikiliza kama anasikiliza mtoto kifuani. Nikaisha. Kesho yake nikaziba sinki mwenyewe kwa donge la unga. Akaja. Keshokutwa tena, kwa wali. Mara nne katika wiki mbili! Mara ya tano alikuja na bomba refu na msumeno, akashinda nyuma ya jiko siku nzima. Jioni akaingia, amelowa tope hadi magotini, akaniambia: "Sinki hili halitaziba tena mpaka ufe. Sasa ukitaka kuniona, itabidi useme."
Nikasema.
Hapo watu huwa wanapiga meza. Leo pia walipiga. Mke wangu, ambaye mji mzima unamwita Fundi, huwa anacheka kwa mabega. Leo alikuwa anaangalia sahani yake tu.
"Imekuchosha?" nilimuuliza njiani.
"Unaiongezea chumvi," akasema.

Jumatano, Machi 12
Chupa ya kwanza ya Bwana Afya, iliyochotwa jana jioni, imeshindwa. Mafuta na sabuni. Wakulima wameunda Kamati ya Mto na wamenichagua mimi mwenyekiti, kwa sababu nina sauti na ninapatikana.
Nimekula: sikumbuki. Nyingi.

Ijumaa, Machi 14
Nyama. Wingu jeusi toka asubuhi, halafu jua la kutukejeli.

Jumamosi, Machi 15
Sahani: mafuta. Kamati imekutana kwenye kibanda cha Dada na kwa dakika kumi tukampata mhalifu. Ni Povu, yule mkubwa wa waosha magari pale darajani, juu ya hospitali. Ijumaa anaosha magari ya watu wa harusi, na Jumanne anaosha ya watu wa mnada. Mafuta na sabuni, si ndiyo kazi yake? Kila kitu kililingana. Nilihutubia. Dada alisema nilifanana na marehemu baba, isipokuwa tumbo.

Jumanne, Machi 18
Nyama. Fundi ameniuliza jioni, "Leo mmepika nyama?" Nikamwambia nimeonja tu. Akasema hakuniuliza nimekula nini.

Jumatano, Machi 19
Mafuta.

Jumamosi, Machi 22
Mafuta. Dada ameng'oa matuta mawili ya mchicha. Majani yalikuwa yananata, na mnunuzi wake wa sokoni aliyanusa mbele ya watu, akayarudisha. Dada hakulia. Alinikabidhi fungu lile akaniambia, "Tupa wewe, mwenyekiti."

Jumapili, Machi 30
Mvua hatimaye! Juzi, masaa mawili. Mto ulipanda, ukachukua kila kitu, na sahani ikawa safi kesho yake. Halafu mvua ikasusa tena kama mgeni aliyekosewa heshima.

Jumatano, Aprili 2
Tumekwenda darajani, kamati nzima, watu kumi na wawili na mwenyekiti akihema. Povu ni mtu mrefu, mwembamba, buti zake hazifanani.
"Povu, unaua mto."
"Mimi? Mpishi, mimi naosha mwili wa gari tu. Injini siigusi."
"Sabuni je?"
"Sabuni ndiyo. Hilo nakubali." Akakuna kichwa. "Lakini mto huu ulivyo, kaka, nina hakika siuchafui peke yangu."
"Kila mchafu husema hivyo," nikamwambia, na watu wakapiga makofi. Nilijisikia mrefu.
Nimemweleza Fundi yote, na makofi pia. Alikuwa anafunga nyuzi kwenye kiwiko cha bomba. Alizidisha kukaza hadi kikapasuka.

Jumatatu, Aprili 7
Povu amehamishwa. Barua imetoka kwa mkubwa wa mji, kwa juhudi zangu. Amebeba ndoo zake, vijana wake watatu wameachwa bila kazi.

Jumanne, Aprili 8
Friji ya muuza nyama imekufa. Wiki hii ni maharage tu. Wagonjwa wananung'unika, mwenye mguu wa chuma wa wodi ya tatu amenirushia kijiko.

Jumatano, Aprili 9
SAHANI SAFI. Bila mvua! Kidole cha Dada kilitoka kikavu. Alinikumbatia, kitu ambacho hakufanya hata nilipooa.

Jumamosi, Aprili 12
Safi tena. Nimekula kipande cha keki, kamati imeninunulia. Daktari anisamehe.

Jumanne, Aprili 15
Nyama imerudi. Wodi ya tatu wameimba.

Jumatano, Aprili 16
Mafuta.
Mafuta, tena mazito. Dada alisimama mlangoni mwa jiko, sahani mkononi. Nilimwambia Povu anarudi kwa siri. Nilimwambia nitamkomesha.

Alhamisi, Aprili 17
Nimemfuata Povu. Yuko nyuma ya soko, penye kisima cha kulipia, anaosha gari juu ya kokoto zilizo kavu. Maji yanazama chini, hayaendi popote. Yuko peke yake.
"Umekuja kunihamisha tena, Mheshimiwa?"
Nikamwambia kuhusu sahani. Akaniomba nimwonyeshe kidole changu, kile kilichogusa. Nilikuwa nimeigusa tena kwa Dada nikiwa njiani, bado kilikuwa kinanata. Akakinusa, kisha akanusa kidole chake mwenyewe, akacheka kicheko kisicho na raha.
"Mafuta ya gari ni meusi, Mpishi. Yananuka barabara. Haya meupe. Haya yananuka chakula cha mchana."
Nimerudi kwa miguu. Mvua ilinifuata hadi mlangoni na haikunyesha.

Jumamosi, Aprili 19
Mafuta. Jana ilikuwa nyama. Nimeandika tu, sijafikiri.

Jumatatu, Aprili 21
Daktari amekagua daftari. Alifungua kurasa taratibu, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi.
"Mandazi mawili kwa hasira," akasoma. "Keki." Akaendelea. Halafu akarudi nyuma. "Mpishi, hii inachekesha. Jumanne na Ijumaa unakula nyama. Jumatano na Jumamosi unagombana kuhusu mto. Kila wiki! Ile wiki moja ambayo hukula nyama, huna ugomvi hata mmoja. Unaona? Nyama inakupandisha hasira."
Nikacheka. Nilicheka hadi kwenye ngazi. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, nilikaa chini.
Nyama ya watu mia tatu. Sufuria kumi na moja za mafuta, zinaoshwa Jumanne jioni na Ijumaa jioni, kwa maji ya moto na sabuni, kwenye sinki ambalo halijaziba kwa miaka kumi na minane.
Nimekwenda nyuma ya jiko. Bomba refu linatoka ukutani, linapita kando ya chemba ya zamani ya kunasa mafuta, haliingii ndani yake. Linakwenda moja kwa moja kwenye mfereji wa mvua. Nimepita pale kila siku. Nilikuwa naliona kama picha ya harusi yetu.
Mfereji wa mvua unakwenda mtoni. Hata mimi najua.

Jumanne, Aprili 22
Leo jioni Bwana Afya alipangiwa kuchota chupa ya pili. Saa mbili asubuhi nilirudisha nyama kwenye friji na kuamuru maharage. Nikawaambia wenzangu nyama imebadilika rangi. Haikuwa imebadilika chochote.
Mwenye mguu wa chuma aliuliza: "Leo si Jumanne?"
"Ni Jumanne."
"Basi nyama iko wapi, Mpishi?"
Nimemwangalia mtu mzima machoni, amelazwa, hawezi hata kuinuka kuja kuniangalia sufuria. Nikasema, "Muuza nyama."

Alhamisi, Aprili 24
Chupa ya pili imefaulu. Dada amenitumia kapu la nyanya. Kamati inataka kufanya mkutano Jumapili kunishukuru, na kumwandikia mkubwa wa mji Povu asirudi darajani milele. Sijazila zile nyanya. Andika hilo, Daktari: siku moja mpishi hakula.

Ijumaa, Aprili 25
Nimemwambia Fundi baada ya chai. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanikimbia, nikasema tu: "Ni sinki letu."
Aliweka kikombe chini. "Najua."
"Toka lini?"
"Toka Dada alete sahani. Uliponiambia kidole kiliteleza, nilikwenda nikafungua mfereji. Umeganda mafuta kama mshumaa."
"Na umeniacha nihutubie watu? Nimfukuze Povu?"
"Nilingoja useme wewe. Halafu ukapigiwa makofi, nikaona aibu ya kukukatiza. Halafu siku zikapita." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Chemba ile ilikuwa ndogo. Ilijaa kila wiki, na wewe unaijazia madonge ya unga. Nikasema ngoja niiruke. Wagonjwa walikuwa sitini, mto ulikuwa mpana, mvua zilikuwa mvua. Nilitaka tu uache ujinga useme unachotaka kusema."
"Na jengo jipya la wazazi?" Kazi ya mabomba yote ya jengo lile wamempa yeye. Amengoja kazi kama ile maisha yake yote.
"Ndiyo sababu ya pili ya kunyamaza," akasema. "Sikuona vizuri kukuficha hiyo."
Wingu lilikuja dirishani.
"Tunaweza kulirekebisha kimyakimya," nikasema. "Nani atajua?"
"Povu."
"Povu hajui."
"Povu anajua kwamba si yeye."

Jumapili, Aprili 27
Kibanda cha Dada kilijaa hadi nje. Katibu alikuja, Bwana Afya na kofia yake, wakulima wote. Povu nilimwomba mwenyewe aje. Alisimama mbali, mikono mfukoni. Fundi alikaa mstari wa mbele na begi lake la vifaa miguuni, kama mtu anayesubiri basi.
Dada akanisifu. Akasema mdogo wake ni mvivu wa kuamka na mwepesi wa kula, lakini mto umepata mtetezi. Makofi. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba kwenye ukurasa wa daftari hili, nikaikunja.
"Nianze na ile ya sinki," nikasema.
Wakashangilia. Wanaipenda. Nikaisimulia yote kama ilivyo, sikio kwenye bomba, donge la unga, wali. Walicheka palepale wanapocheka siku zote. Nikafika kwenye bomba refu na msumeno. "Akashinda nyuma ya jiko siku nzima," nikasema. "Katika miaka kumi na minane hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza bomba lile linakwenda wapi. Na mimi sikujiuliza."
Wengine bado walikuwa wanatabasamu, wakingoja kichekesho.
"Linakwenda mtoni. Mafuta kwenye sahani ya Dada ni ya nyama yangu. Ya Jumanne na Ijumaa. Povu hana kosa. Na Jumanne iliyopita nilificha nyama ili chupa ipite."
Nilisikia mto.
Fundi akasimama. "Bomba nililiweka mimi," akasema. "Yeye aliziba tu."
Bwana Afya alitoa kalamu, akafuta chupa ya pili kwenye karatasi yake taratibu sana. Katibu aliniangalia kama ananipima shingo. Povu alikuja mbele, watu wakampisha. Nilidhani atanipiga na nilikuwa tayari. Mwili ninao wa kutosha.
"Vijana wangu watatu," akasema. "Utawaambia wewe."
"Nitawaambia."
"Kwa sauti ile ile uliyonifukuzia."
Dada ndiye alikuwa wa mwisho. Alinisogelea na ile sahani. "Wiki saba," akasema. "Wiki saba nakuletea sahani hii uinuse mwenyewe, na wewe pua yako iko ndani ya sufuria." Kisha akamgeukia Fundi, sauti ikashuka. "Wifi, inatengenezeka?"
"Inatengenezeka. Chemba kubwa, ya vyumba vitatu, mafuta yaelee juu yakusanywe. Wiki mbili."
"Basi kaa chini ule nyanya," Dada akamwambia. Mimi hakuniambia nikae.

Jumatatu, Aprili 28
Fundi amekata bomba lake mwenyewe, kwa msumeno ule ule. Maji ya sinki sasa tunayabeba kwa ndoo hadi shimo la taka nyuma ya bustani ya hospitali. Sufuria kumi na moja. Nimehesabu safari sitini na nne. Daktari alikuwa dirishani, akanipungia mkono kwa furaha.

Jumanne, Aprili 29
Nyama. Ndoo.

Jumatano, Aprili 30
Barua mbili. Yangu ni ya onyo. Ya Fundi inasema kazi ya jengo jipya imesimamishwa kwake hadi uchunguzi uishe. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya mguu mfupi wa meza. "Sasa haichezi," akasema. Kisha akaenda kuchimba.

Jumamosi, Mei 3
Nimezungumza na vijana wa Povu, darajani, mbele ya watu. Mmoja amepata kazi kwingine. Wawili wamerudi kwake. Povu ameamua kubaki kwenye kokoto zake. Anasema magari yanakauka haraka. Ananiita Mheshimiwa Mafuta. Wapita njia wameshaanza kuniita hivyo.

Ijumaa, Mei 9
Nyama. Ndoo. Mgongo wangu umeandikiwa dawa yake.

Jumatatu, Mei 12
Chemba imeisha. Vyumba vitatu, mfuniko wa zege, na bomba linaloingia mahali panapostahili. Fundi aliweka sikio kwenye bomba na kusikiliza. Miaka kumi na minane, na bado nikaisha.

Jumanne, Mei 13
Mvua ya kweli, ya siku nzima. Bwana Afya amekataa kuchota. "Mvua inasaidia wadanganyifu," akasema, akiniangalia. Haki yake.

Jumanne, Mei 20
Jua kali. Nyama. Bwana Afya alikuja jikoni saa nne asubuhi, akahesabu vipande sufuriani mwenyewe, akakaa hadi sufuria ya kumi na moja ilipooshwa. Ndipo akateremka mtoni na chupa, kurudia ile ya pili. Mwenye mguu wa chuma aliruhusiwa kwenda nyumbani leo. Alikataa kuondoka kabla ya chakula cha mchana.

Jumatano, Mei 21
Leo pia Dada hakuja. Mboga zililetwa na jirani yake. Nimezunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumanne, Mei 27
Nyama. Chupa ya mwisho.

Jumatano, Mei 28
Bwana Afya amebandika karatasi kwenye mlango wa stoo: zote mbili zimefaulu. Katibu ameweka sahihi. Wakulima wa ukingoni wataendelea. Kuhusu Fundi hajasema lolote. Uchunguzi, anasema, unaendelea.
Dada amekuja mwenyewe, mara ya kwanza toka mkutano. Aliweka mezani fungu la mchicha na juu yake ile sahani. Nikapitisha kidole. Kikavu. Vumbi tu, na alama ya udongo.
"Jana mlipika nyama?" akauliza.
"Tulipika."
"Ya kutosha?"
"Niliongeza."
Akaguna. Kwa Dada, kuguna ni hotuba. Akaniachia sahani. "Kaa nayo wewe sasa. Uchote mwenyewe kila jioni. Kutembea kutakupunguza."

Ijumaa, Mei 30
Nimekula: mchicha, wali kiasi, kipande kimoja cha nyama. (Viwili.) Jioni nilichota maji, sahani iko karibu na jiko.
Saa tisa sinki liliziba. Safari hii kwa kweli. Nafikiri ni mwiko uliovunjika. Nikamwita fundi. Alifika na begi lake, akasimama mlangoni, akaniangalia muda mrefu.
"Umetia nini?"
"Sijatia kitu, naapa."
"Mpishi."
"Nilitaka kukuona pia," nikasema. "Lakini kuziba limeziba lenyewe."
Mabega yake yakaanza kutikisika. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akaninyooshea mkono bila kugeuka nimpe spana.